Bandari ya Dar: Mkataba ni wa jirani, mzigo ni wetu

Na Mwandishi Wetu

Mjadala wa nani aendeshe bandari ya Dar es Salaam haukuanza jana. Kila unapozuka, wafanyabiashara wa Rusumo, Kobero na Kasumbalesa hutega sikio. Hawapigi kura Tanzania, lakini mali yao hupita pale. Kontena likikwama bandarini, bei ya mabati na mafuta ya kupikia hupanda huku kwetu.

Mwaka 2000 serikali ya Tanzania iliikabidhi kampuni ya TICTS kitengo cha makontena kwa mkataba wa miaka 10. Baadaye Hutchison ya Hong Kong ikawa mwanahisa mkubwa. Kabla muda huo haujaisha, mkataba uliongezwa hadi kufikia miaka 25. Wabunge walikuja juu wakihoji sababu ya haraka hiyo wakati wateja wanalalamikia msongamano. TICTS ilikabidhi kazi mwishoni mwa 2022.

Oktoba mwaka huohuo, Tanzania na Dubai zilitia saini makubaliano yaliyoifungulia mlango kampuni ya DP World. Bunge liliyaridhia Juni 10, 2023, na hapo ndipo moto ulipowaka. Wapinzani na wanasheria walidai hayana ukomo wa muda, na kwamba kifungu cha 23 kinaifunga nchi isiweze kujitoa hata upande wa pili ukikiuka masharti. Wengine waliuliza kwa nini yanahusu bandari za Bara tu, Zanzibar ikaachwa nje.

Agosti 2023 Mahakama Kuu, Mbeya, ilitupilia mbali kesi ya kuyapinga. Siku chache baadaye baadhi ya wakosoaji walikamatwa, akiwamo Dk. Wilbrod Slaa, balozi wa zamani. Maaskofu Katoliki nao walitoa tamko la kuyakataa.

Serikali ilijibu kwamba yale yalikuwa makubaliano ya jumla tu, na kwamba muda ungewekwa kwenye mikataba ya utekelezaji. Mikataba hiyo ilisainiwa Oktoba 22, 2023. DP World ilipewa sehemu tu ya bandari ya Dar es Salaam, kwa miaka 30. Mwaka 2024 kampuni ya Adani ya India nayo ikachukua kitengo kilichokuwa cha TICTS.

Tanzania haiko peke yake. Mwaka 2006 DP World ilipoinunua P&O ya Uingereza, ilirithi shughuli katika bandari sita za Marekani, zikiwamo New York na Miami. Wabunge wa huko walipinga kwa hoja ya usalama, na kampuni ikalazimika kuuza shughuli hizo. Djibouti nayo iliikabidhi kampuni hiyohiyo kituo cha Doraleh, lakini Februari 2018 ikakitwaa, na kesi zikaenda hadi London. Ethiopia, ambayo haina bahari na hutegemea Djibouti, ilibaki kutazama ugomvi usio wake.

Hapo ndipo lilipo somo letu. Mkataba mbovu humwumiza mwenye bandari. Mkataba unaovunjwa ghafla humwumiza pia asiye na bandari. Mfanyabiashara wa Kigali anakumbuka mpaka wa Gatuna ulivyofungwa Februari 2019 hadi Januari 2022: njia ya Mombasa ikawa ngumu, tegemeo likawa Dar.

Kwa hiyo anayerudi nyumbani na mtaji mdogo, akitaka kuagiza kontena lake la kwanza, asiishie kwenye maneno ya wanasiasa. Amwulize wakala wake wa forodha, kabla meli haijang'oa nanga: mzigo wa nje hukaa siku ngapi bila malipo, baada ya hapo hutozwa kiasi gani kwa siku, na ucheleweshaji ukiwa wa bandari yenyewe nani hulipa? Majibu hayo ayapate kwa maandishi. Mwendeshaji awe Mwarabu, Mhindi au Mtanzania, kontena likikaa ni yeye atakayetoa dola.