Mshale Uliokaa Katikati

Sehemu ya mbatata, vitunguu na mchele unaouzwa masokoni mwa Unguja na Pemba imeteremka Mlima Kitonga kabla ya kuvuka bahari. Ndugu zetu wanaozifuata bidhaa hizo, pamoja na maofisa wanaotumwa kikazi Iringa na Mbeya, huyachukua magari yaliyozoea barabara tambarare za pwani na kuyapandisha hadi kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Leo tungependa kuzungumzia kitu kidogo, kisichozidi upana wa kikombe cha kahawa, ambacho aghalabu magari hayo hayana. Nacho ni geji ya kuongeza, yaani ile ambayo fundi huifunga mbele ya dereva baada ya gari kutoka kiwandani.

Tulipata kuwa abiria katika gari la ofisi moja ya umma lililokuwa likielekea Mbeya. Ofisi hiyo hatuitaji, kwani yaliyotokea yangeweza kuipata ofisi yoyote. Tulivuka Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, jua likiwaka, na tulipoanza kupanda Kitonga tukajikuta nyuma ya msururu wa malori yaliyokuwa yakienda mwendo wa mtu anayetembea. Dereva wetu, mtu wa makamo na mwenye adabu ya kazi, alikuwa akiutazama mshale wa joto mara kwa mara. Mshale ulikaa katikati, pale pale ulipokuwa tangu Chalinze. Kisha ukashuka kidogo, naye akashukuru akidhani injini imepoa. Hazikupita dakika 5 gari likaishiwa nguvu, harufu ya kuungua ikatujia, na dereva akasema kwa sauti ya chini, “Wakubwa, mtanisamehe, gari limekufa.”

Fundi aliyelifungua Iringa mjini alikuta mpira wa maji umepasuka, gasketi imeungua na silinda hedi imepinda. Ofisini dereva aliandikiwa barua ya kujieleza kwa uzembe.

Sisi tunasema dereva yule hakuwa mzembe. Alimwamini shahidi aliyepewa, na shahidi yule hakusema kweli. Katika magari mengi ya kisasa mshale wa joto umetengenezwa kwa makusudi usichezecheze. Joto la maji likipanda au kushuka kwa nyuzi kadhaa, wenyewe hubaki katikati ili mwenye gari asitiwe wasiwasi. Ukija kuinuka, mara nyingi muda wa kuinusuru injini umekwisha kupita. Jambo la pili ni baya zaidi. Kihisi cha joto hupima maji yaliyokigusa. Maji yakimwagika yote, kihisi hubaki kikining'inia katika hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati chuma cha injini kinaungua. Hayo ndiyo yaliyotufika Kitonga.

Nyanda za juu zina hesabu yake pia. Mwananchi wa Unguja akichemsha maji ya chai, yanachemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Mbeya, ambako hewa ni nyepesi, yanachemka kwa nyuzi 94 hivi. Kifuniko cha rejeta kikiwa kizima huyabana maji ya injini yasichemke mpaka yapite nyuzi 110, lakini kifuniko kikilegea, gari ambalo pwani halikuwa na tatizo litachemsha huko juu likiwa na joto ambalo injini huwa nalo kila siku. Dereva anayeonyeshwa tarakimu ataliona jambo hilo mapema. Anayeonyeshwa mshale wa katikati hataliona. Wazee wetu wa baharini hawakukisia kina cha maji kwa kutazama rangi yake tu, bali walitupa bildi wakahesabu pima.

Basi geji ipi ifungwe? Kwa maoni yetu ya kwanza ni ile ambayo kihisi chake hukazwa kwa boliti juu ya chuma cha silinda hedi, ikapima joto la chuma chenyewe, maji yawepo yasiwepo, na ikapiga king'ora joto likizidi kiwango kilichowekwa. Inayofuata ni ya presha ya oili, kwa sababu taa nyekundu ya oili kwa kawaida huwaka presha ikiwa imekwisha kuanguka. Geji ya turbo ina manufaa yake kwa dereva wa dizeli anayejua kuisoma, ingawa tumeona vijana wengi mjini wameifunga kwa ajili ya taa zake za buluu, nasi hatuna ugomvi nao.

Ufungaji ndio unaotutia hofu. Ziko geji za oili za aina ya zamani ambazo huleta oili yenyewe ya moto kwa bomba jembamba hadi ndani ya gari. Bomba likikatika, miguu ya dereva ndiyo inayoipokea, na kwa hiyo afadhali ile inayotumia waya. Waya nao upite katika ukuta wa injini kwenye tundu lenye mpira, usije ukasuguliwa na bati hadi ukagusana na chuma, na uwe na fyuzi yake. Waya wa geji uliounganishwa moja kwa moja na betri bila fyuzi ni moto uliowekwa akiba. Geji isifungwe pale inapomzuia dereva kuona barabara, wala juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa, kwani siku mfuko utakapofumuka geji itarushwa usoni mwa mtu. Mwanga wake uunganishwe na swichi ya taa ili usimtie kiwi usiku.

Hatupendi tudhaniwe kuwa tunauza dawa ya kila ugonjwa. Mwezi Juni 2024, katika mteremko wa Simike jijini Mbeya, lori lililoshindwa kusimama liliyagonga magari mengine na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha. Geji ya upepo wa breki humwonyesha dereva iwapo upepo unavuja, na ole wake anayekata waya wa king'ora chake kwa sababu kinampigia kelele. Lakini breki zikipata moto kwa kukanyagwa mteremko mzima, geji hiyo itaonyesha upepo umejaa nazo breki hazishiki. Hapo dawa ni gia nzito kuanzia juu ya mlima. Vilevile Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini huweza kuuona mwendo wa basi kutoka mbali kwa kifaa cha kufuatilia, lakini joto la injini wa kuliona ni mtu mmoja tu, aliyeshika usukani.

Kwa wakuu wa idara tuna ombi. Gari linalopangiwa safari za Nyanda za Juu Kusini lifungwe geji ya joto la chuma kabla ya kuondoka, kazi hiyo iandikwe katika jalada la gari, na dereva afundishwe tarakimu ipi ni ya kawaida na ipi ni ya kusimama. Gharama ya geji pamoja na ujira wa fundi haifikii hata kidogo gharama ya injini. Na kabla ya kumwandikia dereva barua ya kujieleza, iulizwe kwanza alikuwa akitazama nini.

Gari lile lilitengenezwa na kufungwa geji hiyo. Tulisafiri nalo tena, dereva yule yule. Tulipokuwa tukipanda kutoka Chimala kwenda Inyala king'ora kilipiga, akasimama kando bila kuuliza mtu, akafungua boneti. Kibano cha mpira wa chini wa rejeta kilikuwa kimelegea na maji yalikuwa yakidondoka. Alisubiri injini ipoe, akakaza kwa bisibisi, akaongeza maji ya kidumu, na magharibi ilitukuta Uyole.