Asilimia Kumi Iliyokwama Njiani

Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 haimung'unyi maneno: mrabaha anaolipa mchimbaji ugawanywe asilimia 70 kwa Serikali ya Kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini ya Kwale kupitia Likoni mwaka 2014, ikafunga mgodi mwishoni mwa 2024, na kwa miaka mingi kati ya hiyo mgao wa jamii ulibaki kuwa madai tu. Si kwamba Bunge lililala sheria hiyo ilipotungwa. Mswada husomwa mara ya kwanza kwa kutajwa jina, kisha kamati hukusanya maoni ya wananchi kama Kifungu cha 118 cha Katiba kinavyoagiza; husomwa mara ya pili na kujadiliwa, hupitiwa kifungu kwa kifungu, halafu husomwa mara ya tatu. Ukigusa kaunti, kama ule wa madini, hupitia Seneti pia, na mabunge yakivutana huundwa kamati ya upatanishi. Rais ana siku 14 kutia sahihi au kuurudisha. Uhuru Kenyatta aliutia sahihi ule wa madini Mei 2016.

Kilichokwamisha mambo ni kanuni, zile ambazo waziri huachiwa aziandike baadaye. Sheria inasema jamii ni watu wanaoishi karibu na mgodi au wanaoweza kuhamishwa kuupisha. Basi familia zilizotolewa Maumba na Nguluku zikahamia Bwiti zigawane vipi na majirani waliobaki wakila vumbi? Nani apokee fedha, na nani azikague? Pasipo majibu, asilimia 10 ni tarakimu tu.

Watetezi wa utaratibu huu wa kumwachia waziri kanuni husema Bunge haliwezi kuandika kila jambo ndani ya sheria. Ni kweli, na tangu 2013 kanuni lazima ziwasilishwe bungeni, ambako zinaweza kufutwa. Lakini Bunge litafutaje kanuni ambayo haijaandikwa? Afadhali mswada wenyewe uweke tarehe ya mwisho. Najua tarehe hupuuzwa: Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alishauri Bunge livunjwe kwa kutotunga sheria ya usawa wa jinsia katika muda uliowekwa na Katiba, na halikuvunjwa. Hata hivyo, sheria nyingi zilizopangiwa muda na Katiba ya 2010 zilipitishwa, tena mwananchi alikuwa na haki ya kwenda Mahakama Kuu zikichelewa. Kwa hiyo mkazi wa Msambweni, huko Kwale, anayeitwa kutoa maoni kuhusu mswada asibishanie asilimia peke yake. Aulize kanuni zitatoka lini, na zisipotoka ashtakiwe nani.