Sinema za Ng'ambo na Mfasiri Wake

Watu wengi hudhani ya kuwa sinema bora za ng'ambo ni za wasomi tu. Sivyo. Ousmane Sembène wa Senegali aliandika vitabu kwa Kifaransa. Lakini alipoona ya kuwa wengi wa watu wake hawawezi kuvisoma, aligeukia sinema. Mwaka 1968 alitoa "Mandabi", ambamo watu husema Kiwolofu, lugha ya nyumbani kwao.

Kwetu, Tamasha la Filamu la Zanzibar lilianza kuonyesha sinema za nchi mbalimbali mwaka 1998. Lakini sinema ya kigeni mara nyingi huandikwa Kiingereza chini ya picha, na maandishi hupita upesi. Asiyejua Kiingereza huambulia picha tu.

Vibanda vya video vya Dar es Salaam vilipata dawa: mfasiri. Aliyesifika sana aliitwa Lufufu. Mfasiri hueleza hadithi kwa Kiswahili huku picha zikienda, na mzaha wake huongeza utamu.

Basi wapenda sinema wakitaka kuonyesha kazi bora za ng'ambo hapa Msimbazi, wasimsahau mfasiri. Mama auzaye mchicha Kariakoo naye anayo akili ya kuzipima.

Mwanafunzi, Kidato cha IV