Tumpime Mchukuzi, Tuupime na Mzigo

Wahenga walinena: punda afe, mzigo ufike. Usemi huo hauwafai muuguzi na mwalimu, kwa sababu mzigo wao ni binadamu. Mchukuzi akianguka, huanguka nao.

Uchovu tunaouzungumzia si ule uondokao kwa usingizi wa usiku mmoja. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mtaalamu wa saikolojia aliyekuwa akijitolea katika zahanati isiyotoza malipo mjini New York, aliandika juu ya wahudumu walioanza kazi kwa ari kubwa, kisha wakaungua ndani kwa ndani. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson, pia wa Marekani, wakatoa kipimo cha hali hiyo. Kina kauli 22, na mfanyakazi hueleza kila moja humpata mara ngapi, tangu 0, yaani kamwe, hadi 6, yaani kila siku. Cha walimu kilifuata mwaka 1986.

Kipimo hicho hutazama mambo matatu: kuishiwa na nguvu za moyo, kuwaona watu unaowahudumia kana kwamba ni vitu, na kujiona kuwa kazi yako haizai matunda. Hesabu hizo tatu hazijumlishwi kuwa moja, nayo ni busara. Muuguzi aliyechoka, lakini bado ana huruma kwa mgonjwa, huenda akahitaji kupunguziwa zamu. Mwalimu mwenye nguvu, lakini aonaye kwamba anafundisha bure, huenda akahitaji vitabu na mkuu wa shule anayemsikiliza. Kuwapa wote wawili likizo ileile ni kutibu maradhi mawili kwa dawa moja.

Wako wakubwa wa kazi watakaotamani kukitumia kipimo hiki kuwasaka wavivu. Hilo halifai hata kidogo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hii si ugonjwa, bali hutokana na shinikizo la kazini la muda mrefu lisilodhibitiwa vyema. Basi majibu na yatolewe bila majina, na yasomwe kama habari za wodi nzima au shule nzima. Mfanyakazi aliyeulizwa, akasema kweli, kisha asione lolote likibadilika, hatasema tena. Na watakaolipa gharama ya ukimya wake ni mgonjwa kitandani na mtoto darasani.