Kutia hewa worti

Worti ni kimiminika kitamu cha kimea ambacho bado hakijachachuka kuwa bia. Hupatikana kwa kuloweka kimea cha shayiri kilichopondwa katika maji ya moto, takriban sentigredi 65 hadi 68, mpaka vimeng'enya vyake vigeuze wanga kuwa sukari. Ni kazi ileile ya kimea cha ulezi kinachotia utamu togwa.

Watu wanaoanza kutengeneza bia nyumbani, jambo lililoenea Uingereza baada ya sharti la leseni kuondolewa mwaka 1963, mara nyingi huanza na kimea kilichokwisha kugeuzwa sharubati nzito au unga, wakakikoroga tu katika maji.

Kuchemsha na kupoza

Worti huchemshwa pamoja na maua ya hopsi yanayoipa uchungu, kwa kawaida dakika 60. Sufuria haifunikwi kabisa, ili kemikali yenye harufu ya mahindi ya kuchemsha itoke na mvuke. Kisha hupozwa haraka katika beseni la maji ya barafu. Kuanzia hapo kila chombo kinachoigusa lazima kiwe kimetakaswa, kwa kuwa haitachemshwa tena.

Sababu ya kutia hewa

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hufukuza pia karibu oksijeni yote. Hamira huweza kuchachusha bila hewa, kama Louis Pasteur alivyoeleza katika kitabu chake kuhusu bia cha mwaka 1876. Hata hivyo huihitaji mwanzoni ili kutengeneza steroli na asidi za mafuta zinazojenga utando wa seli. Ikikosa, huzaliana kidogo, huchelewa kuanza kazi, na pengine hukwama kabla sukari haijaisha. Bia hubaki tamu mno. Si ajabu mtu akailaumu hamira, kumbe kosa ni kumimina worti kwa upole kupita kiasi.

Kiasi kinachofaa kwa bia nyingi ni miligramu 8 hadi 10 za oksijeni kwa lita. Hewa ya kawaida hufikisha karibu 8, na kwa lita 20 njia rahisi zatosha: kumimina worti kutoka ndoo moja hadi nyingine mara kadhaa mpaka itoe povu jingi, au kutikisa ndoo iliyofunikwa kwa dakika chache. Mtungi wa kioo usitikiswe. Ukijaa una uzito unaozidi kilo 20, na ukiponyoka kwenye mikono yenye maji vipande vyake huweza kukata hadi mishipa.

Wakati wake ni mmoja tu: worti ikishapoa hadi kama sentigredi 20, kabla au mara tu baada ya kutia hamira. Ikiwa moto haishiki oksijeni ya kutosha. Hewa ikiingia baada ya uchachukaji kwisha, bia hupata ladha ya karatasi iliyolowa.

Hamira kavu ya pakiti ina nafuu: hukuzwa kiwandani kwa hewa nyingi na huja na akiba yake ya steroli, kwa hiyo watengenezaji wengi huandika kwamba si lazima kutia hewa.