Msonobari Unywao Ukungu

Katika pwani ya California, nchi ya Marekani, karibu na mji wa San Diego, yako magenge marefu yatazamayo Bahari ya Pasifiki. Juu ya magenge hayo huota mti uitwao msonobari wa Torrey. Misonobari ni ya namna nyingi, na mingi imeenea katika milima na mabonde ya nchi kubwa. Lakini huu huota wenyewe, pasipo kupandwa na mtu, mahali pawili tu duniani: hapo San Diego, na katika kisiwa cha Santa Rosa, kilicho umbali wa maili 175 hivi upande wa kaskazini-magharibi. Hesabu ya miti yote ni elfu chache tu.

Mwaka 1850 Daktari Charles Parry, aliyefuatana na watu waliopima mpaka wa Marekani na Mexico, aliutambua mti huu, akauita kwa jina la John Torrey, mtaalamu wa mimea. Lakini Wakumeyaay, wenyeji wa nchi ile, waliujua tangu zamani, maana walikula mbegu zake.

Nchi ile ni kavu. Mvua ya mwaka mzima ni inchi 10 hivi, na wakati wa kiangazi hupita miezi mingi bila mvua. Basi mti huu huishije? Hewa yenye unyevu hupita juu ya maji baridi ya bahari, ikageuka ukungu, nao ukungu huingia nchi kavu. Majani ya msonobari huu ni membamba kama sindano, marefu kadiri ya inchi 8 hata 12, nayo huota matano matano. Ukungu ukiyagusa huwa matone. Matone hudondoka chini, na mizizi huyanywa. Hivyo mti hujinywesha wenyewe.

Kwa sababu ya upepo mkali na udongo usio na rutuba, mti huinama na kupindika, wala haurefuki sana. Lakini ukipandwa bustanini penye udongo mzuri na maji, hunyoka, ukaweza kupita futi 100. Kwa hiyo uchache wake hautokani na udhaifu.

Hatari zake ni tatu. Kwanza, makao yake ni madogo, na huko San Diego mji mkubwa umeyakaribia. Pili, wataalamu wameona kwamba miti ya mahali pamoja hufanana mno katika asili yake, kama mapacha. Miti ikitofautiana, ugonjwa ukija mingine hufa na mingine hupona. Ikifanana, kiuacho mmoja chaweza kuua yote. Tatu ni ukame. Wako wadudu wadogo watoboao magome. Mti wenye maji ya kutosha huwazuia kwa utomvu wake, lakini mti wenye kiu hauna nguvu hiyo. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980, mamia ya miti ilikufa hivyo. Wataalamu wakatundika mitego yenye harufu iwavutayo wadudu hao, wakawatenga na miti iliyo hai.

Watu wa San Diego walianza kuulinda mti huu zamani. Mwaka 1899 baraza la mji lilitenga sehemu ya ardhi ile. Baadaye bibi mmoja tajiri, Ellen Browning Scripps, alinunua ardhi ya jirani ili isijengwe nyumba. Leo mahali hapo ni hifadhi ya serikali ya California, na miti ya Santa Rosa imo katika hifadhi ya taifa. Hata hivyo, katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, msonobari huu umewekwa katika daraja ya hatari kuu.

Wageni wafikao hifadhini huamriwa wasiache njia, wasije wakakanyaga miche. Tena hukatazwa kuokota matunda yake. Tunda moja huchukua miaka mitatu hivi mpaka kukomaa, na ndani yake zimo mbegu za miti ijayo. Basi alichukuaye kwa kucheza huondoa kisichorudishwa kwa siku moja.