Majuu wanakuuliza umri, Bongo wanakuuliza namba ya pikipiki tu!

Wiki iliyopita nilikuwa kwa wakala wa bima pale Kariakoo, nimepanga foleni nyuma ya mzee mmoja mwenye mvi kichwa kizima. Pikipiki yake ya siku nyingi alikuwa ameiegesha nje kwa adabu, imefutwa vumbi mpaka inang'aa. Yangu niliitupa pembeni ya mtaro, tope mpaka kwenye taa. Mzee akatoa kadi ya pikipiki yake, akalipia bima ndogo, ile ya mtu wa tatu. Nami nikatoa kadi yangu, nikalipia hiyo hiyo.

Nikaichungulia stakabadhi yake kwa jicho la wizi. Bwana wee! Kiasi kile kile. Yeye babu wa watu, mimi kijana wa miaka 23, hakuna aliyezidiwa hata shilingi moja.

Nilitaka kucheka, maana usiku wa jana yake binamu yangu aliyeko London alikuwa amenipigia simu, nusura alie.

Huyu binamu tulikua wote Temeke, tukicheza chandimu uwanja mmoja, mpaka mama yake alipomchukua kwenda majuu. Sasa ana miaka 19 na amejikusanya mpaka kanunua skuta ya mtumba, cc 125. Akaingia kwenye simu kutafuta bima. Akajaza jina, mtaa anaokaa, aina ya skuta, mahali inapolala usiku. Mwisho akajaza tarehe ya kuzaliwa. Ilipokuja bei, akadhani kakosea kubonyeza.

"Kaka, bima ya mwaka mmoja inakaribia bei ya skuta yenyewe!"

Akafanya utundu. Akarudia kujaza, safari hii akajifanya mtu wa miaka 40 mwenye leseni ya siku nyingi. Bei ikaporomoka kama embe lililooza. Skuta ile ile, mtaa ule ule, kijana yule yule amekaa kitandani na soksi zake.

"Sasa mimi nimewakosea nini hawa watu, kuzaliwa juzi?" akaniuliza.

Swali lake likaninyima usingizi, wasomaji wangu, ndiyo maana leo nimeacha habari za mapenzi nikaja na hii.

Jibu lenyewe ni hili. Bima ni kama mchango wa msiba unaolipwa kabla ya msiba. Wengi wanatia kwenye kapu moja, yatakayempata mmoja yanalipwa na kapu hilo. Sasa kampuni za Uingereza zinataka kila mtu atie kwa kadiri anavyotarajiwa kuchota. Zina kumbukumbu za miaka mingi: nani kaanguka, wapi, saa ngapi, akiwa na umri gani. Kumbukumbu hizo zinawasuta vijana. Mtu aliyeanza kuendesha juzi hajui bado gari la mbele litafanya nini, anapenda mwendo, anaendesha usiku, anatamani kumwonyesha mshikaji wake wa nyuma kwamba yeye ni mkali.

Wala si hadithi za Wazungu tu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Si malaria wala ukimwi. Ripoti yake ya mwaka 2023 ilihesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kwa mwaka. Kwa hiyo mwenye kampuni anapoona tarehe yako ya kuzaliwa, hakuoni wewe na upole wako. Anaona kundi lako zima.

Umri peke yake si kila kitu. Mtu wa miaka 40 aliyepata leseni jana naye anapigwa bei, ila si kama dogo wa miaka 17. Wanatazama pia ukubwa wa injini, mtaa wenye wezi wa pikipiki, na kazi unayofanya. Binamu alitaka kusambazia watu chakula na skuta yake, akakuta hiyo ni bima nyingine kabisa, ghali zaidi. Ukikaa mwaka bila kudai fidia unapewa punguzo, mwaka wa pili punguzo linakua. Wengi wanaanza kupumua wakishavuka miaka 25.

Ila kule wanakubana hata kabla ya bima. Kijana wa miaka 17 haruhusiwi kupanda chombo cha zaidi ya cc 125, na lazima kwanza apitie mafunzo ya msingi yanayoitwa CBT, yaliyoanza mwaka 1990. Akimaliza anabandika kibao chenye herufi L, hapakii abiria, haingii barabara kuu za mwendo kasi. Pikipiki za kati zinaanzia miaka 19, na hapo kuna mitihani. Mashine kubwa kabisa, zile za kunguruma mpaka mbwa wanakimbia, ni miaka 24, au 21 kama umeshakaa miaka miwili na leseni ya zile za kati. Ni ngazi, huruki.

Binamu akaniambia kuna mshikaji wake aliyempa mchongo: andikisha skuta kwa jina la shangazi yako, mwambie wakala kwamba yeye ndiye mwendeshaji mkuu, wewe jiweke kama msaidizi. Bei itashuka. Nikamwambia binamu, tafadhali, tena sana. Mchongo huo kule una jina lake na ni utapeli mbele ya sheria. Siku ukigonga watagundua shangazi hajui hata skuta inawashwa wapi, bima inafutwa, na deni ni lako. Ukikamatwa huna bima kabisa, faini ya papo hapo ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni, na pointi 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo tangu ufaulu mtihani maana yake leseni imekwenda. Polisi wana kamera zinazosoma namba za vyombo na kujua kama vina bima. Si mambo ya kumpa trafiki hela ya soda.

Hapa kina dada watanisamehe kwa umbeya kidogo. Zamani Ulaya wasichana walikuwa wakitozwa bei ya chini kuliko wavulana, kwa kuwa kumbukumbu zilionyesha wao wanagonga kidogo. Mwezi Machi 2011 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema hapana, huo ni ubaguzi wa jinsia, na kuanzia Desemba 21, 2012 ikawa marufuku. Uingereza imebaki na sheria hiyo hata baada ya kujitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Lakini umri hawakuugusa! Kumtoza mtu kwa kuwa mwanamume ni ubaguzi, kumtoza kwa kuwa kijana ni hesabu. Nimelitafakari hilo nikiwa kijiweni mpaka kahawa ikapoa. Huko Hawaii, jimbo la Marekani, sheria inakataza kampuni za bima za magari kupanga bei kwa kutazama umri, kwa hiyo si kwamba haiwezekani.

Turudi Bongo. Miaka ilipokuwa NIC peke yake inauza bima, na hata baada ya sheria ya mwaka 1996 iliyokuja na kampuni binafsi, bima ndogo ni ya lazima kwa kila chombo cha moto. Leo kiwango cha chini kinapangwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwa kufuata aina ya chombo na matumizi yake. Ndiyo maana mama wakala aliniuliza mambo mawili tu: namba ya pikipiki, na kama ni ya biashara au ya binafsi. Miaka yangu hakuitaka. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea, nikabaki na hotuba yangu mdomoni.

Basi nikawa namcheka binamu, kumbe ninajicheka mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa na miaka 21 na pikipiki ina miezi mitatu, nilianguka Barabara ya Mandela. Hakuna aliyenigonga wala niliyemgonga. Ilikuwa jioni, mvua imekatika, lori limemwaga mchanga kwenye kona, na mimi nilikuwa kwenye mwendo ambao sitautaja hapa kwa kuwa bi mkubwa anasoma gazeti hili. Nikavunjika mtulinga. Pikipiki ikapinda uma wa mbele, taa ikaenda, tangi likabonyea.

Nikiwa na mkono shingoni nikaenda kwa wakala niliyekata kwake bima wakati ule, na faili langu la hospitali kwapani. Nikamwambia nimekuja kudai. Akaniuliza umemgonga nani? Nikasema sijamgonga mtu. Akanitazama kwa huruma, akasema:

"Mdogo wangu, hii ni bima ya mtu wa tatu. Wewe ni mtu wa kwanza."

Sikuwa nimewahi kulifikiria jina hilo. Mtu wa kwanza ni mimi niliyekata bima. Wa pili ni kampuni. Wa tatu ni yule nitakayemgonga. Kwa hiyo nilikuwa nimemkatia bima kila mtu wa Dar es Salaam isipokuwa mimi! Hospitali na fundi vililipwa na zamu ya upatu ya mama, hela aliyokuwa amepanga kuezekea chumba cha uani. Chumba hicho mpaka leo kina turubai.

Sasa mwaka huu, baada ya kumaliza kumlipia mtu wa tatu wangu, nikambana mama wakala wa Kariakoo. Nikamwamkia upya, nikavuta kigoda. Mama, hiyo bima kubwa je, nayo haiulizi umri? Akacheka. Akafungua droo, akatoa mkataba, kurasa nyingi, maandishi madogo kama siafu. Akanionyesha kwa kidole.

Bei ya bima kubwa ni asilimia ya thamani ya pikipiki, na hapo napo mzee na kijana wako sawa. Lakini mkataba unasema kila ukipata hasara, kuna kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake. Na kwa dereva kijana, au mwenye leseni changa, kuna kiasi kingine kinaongezwa juu yake. Huyo hapo! Umri wangu ulikuwa umejificha humo ukurasa wa ndani. Binamu anatozwa mlangoni, mimi natozwa wakati nimeshaanguka. Na kama aliyekuwa juu ya pikipiki hana leseni ya pikipiki, mama akasema, usihangaike hata kujaza fomu ya madai.

Akaniambia pia kwamba kuna bima ya ajali binafsi, inaweza kuongezwa pembeni, hiyo ndiyo inayomtazama mtu wa kwanza. Nikauliza bei, nikapiga hesabu na hela ya mafuta, nikamwambia nitarudi mwisho wa mwezi. Vijana wengi wa mkataba, wale wanaompelekea tajiri hesabu kila jioni ili pikipiki ije kuwa yao, hawajui hata bima ya chombo wanachopanda imekatwa kwa matumizi gani. Tajiri akikata ya binafsi, wewe ukapakia abiria nayo, umeshaharibu mkataba. Na kuhakiki siku hizi ni rahisi, stika ni ya kielektroniki, unaingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa TIRA kwa simu yako, unaona kama bima ipo na inakwisha lini.

Kilichonipeleka mbio yote haya ni mdogo wangu. Ametimiza miaka 18 mwezi uliopita na tangu siku hiyo ananiita "bro" kwa sauti tamu kuliko kawaida. Anataka funguo. Anasema anajua kuendesha, amejifunzia uwanja wa shule na pikipiki ya rafiki yake. Hoja yake kubwa ni kwamba bima ipo, tena imelipiwa juzi.

Ningekuwa London, bei ya bima ingemkatalia kwa niaba yangu. Hapa hakuna wa kumkatalia ila mimi, na mimi ndiye yule aliyelala kwenye mchanga wa Mandela.

Nilimpeleka uani nikamwonyesha turubai la chumba cha mama. Akasema hilo analijua, analikinga mvua kila siku. Nikampigia binamu simu, nikaweka sauti kubwa. Binamu akamweleza habari za kibao cha L na bei ya bima yake, ambayo hatimaye ameikubali, anailipa kwa mwezi kidogo kidogo, na kula amepunguza. Dogo akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huko London wanaajiri.

Funguo bado ziko mfukoni mwangu. Jumatatu anaanza shule ya udereva. Nusu ya ada nimelipa mimi, nusu atalipa mwenyewe kwa hela yake ya genge. Amenuna, leo siku ya tatu, hata chai anakunywa amenipa mgongo.

Na mimi mwisho wa mwezi natakiwa Kariakoo, kwa mama wakala. Kile kigoda bado ninakikumbuka.